Kila Mtoto na Mwendo Wake

Katika chuo changu hapa Morogoro kila mtoto ana mahali pake: huyu yumo katika alifu na be, mwenziwe amekwisha fika Yasini. Mkoani Tanga nako, kati ya 2017 na 2019, watoto wa vijiji vipatavyo 170 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, wakijifunza kusoma kila mmoja kwa mwendo wake. Masomo ya video ya mtandaoni ni vivyo hivyo: aliyekwama huyarudia hata mara kumi bila ya haya. Mimi, nakiri, nimewahi kumkemea aliyeuliza mara ya tatu. Lakini video haimsikii asomaye. Akitamka qaf kama kaf, humwacha akaendelea. Mwanafunzi wangu mmoja wa Uluguru huitazama usiku, na asubuhi huteremka kuja kunisomea.