Siku ya tano haiko Jumatano

Mwaka uliopita tulioza mutoto wa ndugu yangu, huku Ibanda. Siku ya posho, saa tatu ya asubuhi, wapishi walikuwa wamekwisha kuwasha moto na vijana wa sono walikuwa wanafunga waya, lakini kiwanja kilikuwa kitupu. Hakuna kiti hata kimoja, hakuna hema. Tulikuwa tumekodi viti mia tatu, avansi imelipwa, risiti iko mufukoni. Tukapiga simu. Aliyepokea akatuambia kwa upole kwamba viti viliondoka alfajiri kwenda Bagira, kwa arusi ingine.

Jina la duka silitaji, na feza walirudisha. Nilichokuja kujua kisha ni hiki: baba mwenye duka aliwaitikia watu wa Bagira kwenye WhatsApp, na mutoto wake, pale dukani, alituandika sisi ndani ya kaye. Hakuna aliyetudanganya. Kila mutu alikuwa na kalenda yake, na kila kalenda ilikuwa inasema kweli.

Tangu ile siku ninaangalia namna vikundi vidogo vya kazi hapa Bukavu vinavyopanga siku zao: wakodishaji wa viti, wapiga picha, washonaji, wenye kamioneti, watu wanne, sita, munane hivi. Wakianza kutafuta kalenda ya pamoja, wanauliza mara moja: tutumie programu gani? Kwangu mimi hilo ni swali la pili. La kwanza ni kama wote wanasikia kitu kimoja mutu akisema « siku ya tano » ao « saa mbili ».

Angalieni. Hapa kwetu tunahesabu kisha yenga: siku ya kwanza ni lundi, siku ya tano ni vendredi, halafu posho. Watu wa Dar es Salaam na Mombasa wanaanza kuhesabu na Jumamosi, ndiyo maana Jumatano yao ni mercredi, kwetu siku ya tatu. Sasa telefone ikiwekwa katika Kiswahili, mara nyingi inaleta majina ya pwani. Kijana anasikia mama mukiriya akisema « siku ya tano », anagusa Jumatano, na arusi imesogea siku mbili mbele ya wakati wake. Mimi ningesema: telefone zote za kazi ziwe katika luga moja, hata ikiwa ni Kifaransa, na jina la siku lisiandikwe kamwe bila tarehe.

Saa nazo ni vilevile. Saa mbili ya asubuhi ya mama ni 8:00 ya telefone. Ukiandika 2 tu, telefone inaelewa usiku wa manane, na itakulilia wakati umelala. Andikeni 08:00, andikeni 14:00, hata kama mdomoni mutaendelea kusema saa mbili na saa nane.

Kuna mutego mwingine, huu ni wa inchi yetu wenyewe. Bukavu iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Ndani ya telefone munakuta saa za Kinshasa na saa za Lubumbashi. Sisi ni wa Lubumbashi, saa yetu ni moja na ya Kigali. Watu wengine wanaacha Kinshasa, kisha wanasogeza mishale kwa mukono. Kwenye kioo saa inaonekana sawa, lakini randevu ya 14:00 wanayoandika inatokea 15:00 kwa wenzao. Saa moja ya kuchelewa, na kila mutu ataapa kwamba aliandika vizuri.

Hayo yakiisha, ndipo tuzungumze vyombo.

Kaye kubwa moja ya mezani, ukurasa kwa kila siku, bado ni kalenda nzuri sana. Umeme ukikatika, inasomeka. Mega zikiisha, inasomeka. Nimeona fundi mushonaji mumoja wa Kadutu anayeandika na kreyo mutu akiomba tu, na biki avansi ikifika. Kwa jicho moja unajua nani amelipa. Kama maombi yote yanapita mezani pake, sioni sababu ya kumuhangaisha na kitu kingine. Ubaya wa kaye ni kwamba haitoki dukani. Siku watu wawili wanaanza kupokea maombi mujini, imekwisha kuwa kalenda ya nusu.

Kundi la WhatsApp haliko kalenda. Linafaa kuitana. Tarehe inayosemwa ndani ya sauti ya dakika tatu, katikati ya salamu na picha za watoto, nani ataipata kisha mwezi mumoja?

Kwa watu wa kuzungukazunguka, Google Calendar inatosha. Ni ya bure kwa mwenye anwani ya Gmail, na kwenye telefone ya Android unaweza kusoma na kuandika bila intaneti. Mega zikirudi, inapeleka yenyewe kwa wengine. Lakini hapo ndipo hatari ilipo. Watu wawili wasio na mega wanaweza kuandika arusi mbili kwenye posho ileile, na programu haitakataa. Kwa hiyo aliye mujini aandike na alama ya kuuliza mbele ya jina, na mutu mumoja tu, aliye dukani, ndiye wa kuifuta ile alama.

Pia programu inakuachia kuchagua nani aone tu kwamba siku imekamatwa, nani asome yote, nani abadilishe. Shofere asome. Kubadilisha kubaki kwa wawili ao watatu. Kitu kikifutwa kwa bahati mbaya, kinakaa siku 30 hivi ndani ya pipa mbele ya kupotea. Na, tafazali, kalenda ifunguliwe kwa anwani ya duka, isiwe ya mupwa ambaye kesho atapata kazi Goma na kuondoka na arusi zenu zote.

Kisha jazeni mambo ya hapa, kwa mukono. Tarehe 16 na 17 ya mwezi wa kwanza, 30 ya mwezi wa sita, 1 na 2 ya mwezi wa munane: sikukuu. Posho ya mwisho ya kila mwezi, Rwanda iko katika umuganda kutoka 8:00 mpaka 11:00. Anayengojea maua ao keki kutoka Rusizi kwa kupitia Ruzizi, ajue mapema. Na kama mumoja wenu ni Muadventista, posho zake zote ziandikwe leo, isiwe usiku wa mbele ya arusi.

Juzi nilirudia lile duka, juu ya komunyo ya mutoto. Baba alifungua telefone, akamuita kijana, kijana akafungua kaye, wakasoma pamoja. Posho niliyotaka ilikuwa wazi. Akaniandika na kreyo, kisha akaangalia mukono wangu, kama uko unaingia mufukoni.