BWANA JAIME LERNER, MEYA ALIYEUPA MTO NAFASI YAKE

Brazil si nchi ngeni kwa mkulima wa karafuu. Katika jimbo la Bahia wanayo mikarafuu kama sisi, na karafuu zao hukutana na zetu sokoni. Lakini khabari tunayowaletea Ndugu Wanachama safari hii si ya bei, wala haitoki Bahia. Yatoka mji wa Curitiba, mbali kusini mwa nchi hiyo, katika jimbo la Paraná, ambako baridi huwa kali hata umande ukaganda juu ya majani. Mwezi wa Julai 1975 baridi hiyo iliunguza karibu mibuni yote ya jimbo. Mkarafuu huko hauna maisha. Khabari yenyewe ni ya maji na miti, mambo mawili ambayo sisi twayajua vyema.

Bwana Jaime Lerner alizaliwa Curitiba tarehe 17 Desemba 1937, wazazi wake wakiwa Wayahudi waliohamia kutoka Poland. Alisomea kazi ya kuchora majumba na kupanga miji, na mwaka 1971, naye hajatimiza miaka 34, akawekwa kuwa Meya.

Mji ule umepitiwa na mito midogo midogo, na watu walikuwa wakijenga mabondeni. Mvua ikinyesha, mto hudai mahali pake, na nyumba zikaingia maji. Dawa iliyozoeleka ilikuwa kuufunga mto kwa kuta za saruji ili maji yapite mbio. Bwana Lerner aliona ile ni gharama kubwa, na tena maji yakikimbizwa huku huenda kuwaudhi wa kule chini. Basi fedha zilizotengwa kwa kuzuia mafuriko alizitumia kununua mabonde yenyewe. Akachimba maziwa, akapanda majani na miti, akayafanya bustani za watu wote. Mwaka 1972 zikafunguliwa bustani za Barigui na São Lourenço. Barigui peke yake ina eka zipatazo 340. Mvua kubwa ikija, ziwa hujaa na kufurika juu ya majani, kisha maji hupungua polepole, na watoto wakarudi kucheza.

Palizuka suala la nani atakata majani ya eneo kubwa namna hiyo. Wakaletwa kondoo! Walikula, wakatia na mbolea, na Baladia ikapumzika na gharama za mashine.

Kwa miti ya barabarani, Baladia ilitoa miche na raia wakaombwa watoe maji: sisi twaleta kivuli, nanyi nyesheni. Hapa hatuna budi kusimama kidogo. Kila mwanachama ajua kwamba mche wa mkarafuu kupewa bure si kazi. Kazi ni kiangazi cha kwanza na cha pili, pasipo kivuli cha mgomba wala mtu wa kuuchotea maji. Curitiba walilifahamu hilo mapema, wakampa kila mwenye nyumba sehemu yake ya dhima. Mji huo pia una sheria iliyotupendeza mno: mwenye ardhi akiuhifadhi msitu wa asili katika kiwanja chake hupunguziwa kodi, na mti haukatwi bila ya rukhsa.

Lakini yako ya kusemwa upande wa pili. Mara ya kwanza, na mara ya pili mwaka 1979, Bwana Lerner hakuchaguliwa na wananchi. Nchi ilikuwa chini ya wanajeshi tangu 1964, na Meya aliwekwa kutoka juu. Ndiyo maana mwezi wa Mei 1972 aliweza kuifunga barabara ya Rua XV de Novembro isipite motokaa, kazi ikafanywa kwa siku tatu tu, ijapokuwa wenye maduka walikuwa wakipinga. Baadaye wenye maduka wenyewe waliridhika. Hata hivyo sisi wa chama ambamo kila jambo hupigiwa kura hatuwezi kulipita hilo kimya. Jema lililotendwa bila ya shauri ni jema, lakini mtu hujiuliza kama lingekuwa ovu nani angelizuia. Wako pia wasemao kwamba uzuri wa mji ulipandisha bei ya ardhi, na maskini wakasukumwa pembezoni.

Mwaka 1988 wananchi walipiga kura, wakamchagua wenyewe. Katika kipindi hicho ndipo ulipoanza mpango wa taka: penye mitaa ya mabanda ambako gari la taka haliingii, watu walizileta wenyewe na kupewa tikti za basi. Kisha, kuanzia 1991, wakapewa vyakula vilivyonunuliwa kwa wakulima wa karibu waliokuwa na mavuno ya ziada, kilo nne za taka kwa kilo moja ya mboga au matunda. Mkulima alipata soko la mazao ambayo yangemwozea shambani.

Aliwahi kuwa Gavana wa Paraná kutoka 1995 hadi 2002. Alifariki tarehe 27 Mei 2021 katika mji wake, umri wake miaka 83. Alipoanza kazi, Curitiba ilikuwa na watu laki sita na kidogo. Hesabu ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya laki kumi na saba. Mabonde yale ya Barigui hayakujengwa.

Kisiwani kwetu mabonde yaliyokuwa njia ya maji yanazidi kupimwa viwanja, na mashamba ya karafuu yaliyo chini yao yanasimama maji wakati wa masika. Jambo hilo tutaliweka mbele ya Mkutano Mkuu. Wanachama wenye mashamba ya mabondeni wanaombwa watuletee kwa maandishi, kabla ya siku ya mkutano, idadi ya mikarafuu waliyopoteza na mahali maji yalipopita.