Rekodi Zisizo na Kombe

Tuanze na bei ya vita dhidi ya ugaidi, maana ndiyo rekodi yake iliyo rahisi kuipima. Tume iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 11, 2001 ilikadiria kuwa al-Qaeda walitumia kati ya dola 400,000 na 500,000 kuyaandaa: nauli, masomo ya urubani, kodi ya nyumba, chakula. Fedha hizo hazimalizi kujenga ghorofa Kariakoo. Miaka 20 baadaye, watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walijumlisha gharama ya jibu la Marekani, wakapata dola trilioni 8. Yaani kwa kila dola ya mshambuliaji, mlipa kodi wa Marekani amebebeshwa angalau milioni 16. Na deni halijaisha, kwani ndani ya hesabu hiyo mna trilioni 2.2 za kuwatibu na kuwatunza askari wastaafu hadi mwaka 2050. Kijana aliyekatika mguu Fallujah, Iraq, mwaka 2004 akiwa na miaka 20, mwaka 2050 atakuwa mzee wa miaka 66, bado anadai haki yake.

Mengi ya haya yalifunguliwa mlango na kifungu cha maneno 60 tu. Septemba 14, 2001, moshi ukiwa bado unafuka New York, Bunge la Wawakilishi lilimruhusu Rais Bush kuwapiga waliohusika na wote waliowahifadhi. Kura 420 kwa moja. Kifungu hakikutaja nchi, mpaka wala siku ya mwisho, ndiyo maana kimetumika hata kwa mashambulizi ya anga Somalia. Ile kura moja ilikuwa ya Barbara Lee, mbunge kutoka California. Alitishiwa kuuawa, akalazimika kutembea na walinzi. Kama rekodi hizi zingekuwa na medali, ningempa yeye.

Vita virefu kuliko vyote vya Marekani vilikuwa vya Afghanistan, Oktoba 7, 2001 hadi Agosti 30, 2021. Miongoni mwa askari 13 wa Marekani waliouawa uwanja wa ndege wa Kabul siku chache kabla ya mwisho, wamo ambao walikuwa watoto wachanga vita vilipoanza. Huko huko, Nangarhar, Aprili 2017, liliangushwa bomu lenye nguvu kuliko yote yasiyo ya nyuklia yaliyowahi kutumika vitani, lenye uzito wa zaidi ya kilo 9,000. Miaka minne baadaye Taliban walikuwa wameketi ikulu.

Sasa jela. Mwaka 2019 gazeti la New York Times lilikadiria kuwa jela ya Marekani ya Guantánamo, Cuba, ilikuwa inakula dola milioni 13 kwa mwaka kwa kila mfungwa. Hakuna kitanda cha gereza ghali kama hicho. Wamepita humo watu wapatao 780, na wengi wao hawakuwahi kushtakiwa. Wa kwanza kutolewa humo kwenda kushtakiwa katika mahakama ya kiraia Marekani alikuwa Mzanzibari, Ahmed Ghailani, kwa mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam ya Agosti 7, 1998 yaliyoua watu 224. Kati ya mashtaka zaidi ya 280, baraza la mahakama lilimtia hatiani kwa moja tu. Hilo moja lilitosha kumpa kifungo cha maisha. Mwingine, Mkenya aliyekamatwa Mombasa Februari 2007, alirudishwa kwao Desemba 2024. Karibu miaka 18, na hakuwahi kushtakiwa.

Rekodi ya vifo ndiyo kubwa, tena ndiyo yenye ukungu. Brown walihesabu watu takriban 900,000 waliouawa moja kwa moja. Mwaka 2023 wakaongeza waliokufa kwa njaa, magonjwa na hospitali zilizobomolewa, na jumla ikakaribia milioni 4.5 au kuzidi. Waliouawa Septemba 11 hawakufika 3,000.

Kwetu, rekodi zina anwani. Mogadishu, Oktoba 14, 2017: lori la mabomu liliua watu zaidi ya 580, idadi ambayo Somalia haikuwahi kuiona kwa shambulio moja. Kenya ilikuwa imevuka mpaka na kuingia Somalia Oktoba 2011 ili vita vibaki upande wa pili. Vikaja jumba la maduka la Westgate, Nairobi, mwaka 2013, wakafa watu 67, kisha Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015, watu 148.

Halafu kuna El Adde, Somalia. Januari 15, 2016, wanamgambo wa al-Shabaab waliivamia kambi ya jeshi la Kenya, KDF, alfajiri, na jeshi hilo likapata kipigo kibaya kuliko chochote tangu uhuru. Rais wa Somalia wa wakati huo, Hassan Sheikh Mohamud, alitaja askari kati ya 180 na 200 waliouawa. Nairobi ilikanusha, bila kutoa hesabu yake.