Bustani ya Maji kwa Ajili ya Diskasi

Miongoni mwa samaki wa maji matamu wafugwao katika vioo, hapana aliyetukuzwa na wapenzi wake kuliko diskasi, samaki wa bonde la mto Amazon ambaye umbo lake ni bapa na mviringo kama sahani iliyosimamishwa kwa ukingo, na ambaye mwendo wake ni wa taratibu na haiba. Wengi humwita mfalme wa hodhi. Sifa hiyo imewaponza watu si haba, kwa kuwa aghalabu mtu humwona dukani, akavutiwa na rangi zake, akamnunua siku ile ile pamoja na kioo na mafungu mawili matatu ya majani, na maji, ambayo ndiyo asili ya shughuli nzima, akayakumbuka mwisho, akafungua bomba na kujaza. Utaratibu ulio sawa ni kuanza na maji, kufuatia majani, na kumleta samaki baada ya yote; na baina ya majani na samaki huyu upo ugomvi wa tabia ambao mwenye hodhi hana budi kuusuluhisha kabla hajatoa fedha yake.

Ili kuufahamu ugomvi huo yafaa tumfuate samaki kwao. Johann Natterer, mtaalamu wa viumbe kutoka Austria, alifika Brazili mwaka 1817 na hakuondoka mpaka mwaka 1835, muda wote huo akikusanya ndege, wanyama na samaki wa kila namna; na katika mzigo wa samaki aliowapeleka Vienna ndimo alimokuwamo yule ambaye Johann Jakob Heckel alimwandika mwaka 1840 kwa jina la Symphysodon discus. Mwaka 1904 Mfaransa Jacques Pellegrin alieleza namna ya pili, na tangu hapo wataalamu hawajaacha kubishana juu ya idadi ya namna zilizopo, mabishano ambayo sisi tunaweza kuwaachia wenyewe bila ya hasara.

Diskasi wa Heckel hupatikana Rio Negro na katika baadhi ya mito mingine ya bonde hilo. Maji ya Rio Negro yana weusi unaoelekea wekundu kwa sababu ya majani na magome yanayooza msituni. Hayana chokaa wala chumvichumvi za kutajika, na ni machachu kiasi kwamba kipimo cha pH hushuka hadi karibu na 5 au chini yake. Kwenye mji wa Manaus mto hupanda na kushuka kwa kadiri ya mita 10 kila mwaka, na maji yapandapo huingia msituni, samaki nao wakaingia pamoja nayo, wakaishi baina ya mashina ya miti. Yashukapo, hukimbilia penye miti iliyoanguka na matawi yaliyosongamana ukingoni, wakajificha humo makundi kwa makundi. Juu zaidi katika mto huo upo mji wa Barcelos, ambao watu wake kwa miaka mingi wamepata riziki kwa kuvua samaki wa pambo, na ambao husherehekea tamasha ambamo mji hugawanyika pande mbili zikishindana kwa ngoma na mavazi, upande mmoja ukibeba jina la diskasi na wa pili jina la kadinali, yule samaki mdogo mwenye mstari wa buluu na tumbo jekundu.

Katika makazi hayo, ambamo mwanga haupenyi mbali, utaona magogo, matawi na majani makavu chini, na nyasi za kijani ndani ya maji ni chache mno. Bustani tunayomtengenezea diskasi ni tamaa yetu wanadamu, nasi tumeirithi kwa watu wengine kabisa. Mwaka 1850 Robert Warington, mwanakemia wa London, alieleza jinsi alivyoweka samaki wawili wa dhahabu, majani ya majini na konokono katika chombo kimoja, wakaishi kwa kusaidiana. Na zaidi ya karne moja baadaye Takashi Amano wa Japani, aliyefariki mwaka 2015, akaufanya upandaji huo kuwa sanaa yenye kanuni zake, hodhi likawa mandhari ya mlima au ya msitu. Simlaumu mtu anayetaka vyote viwili, uzuri wa Amano na utukufu wa diskasi, maana hata mimi naona hapana rangi inayomkubali samaki huyu kuliko kijani. Lakini na ajue kwamba anawakutanisha wasiotaka jambo moja. Mimea mingi ya majini hustawi katika maji ya nyuzi 22 hadi 26, hupenda mwanga mwingi na hewa ya ukaa. Diskasi hutaka nyuzi 28 hadi 30, hupenda kivuli, na huhitaji pumzi ya kutosha katika maji ambayo kwa joto lake huibeba kidogo. Maji ya nyuzi 20 huweza kushika miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hushika kama 7 na nusu tu.

Suluhu iko katika kuchagua majani yanayostahimili joto, na idadi yake inatosha. Upanga wa Amazon, yaani Echinodorus, hutoka bara lile lile la diskasi, una mizizi mipana na majani marefu ambayo samaki hupenda kupumzika chini yake, nao ndio unaostahili kuwa nguzo ya bustani. Vallisneria, yenye majani membamba mfano wa utepe, hupandwa nyuma. Anubias ni mzawa wa misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, mmea mgumu, mvivu wa kukua, unaoridhika na mwanga hafifu. Huu haupandwi mchangani, kwa sababu shina lake lililolala likifukiwa huoza. Utalichukua shina hilo, utaliweka juu ya gogo lililokwisha kulowekwa, utalizungushia uzi mweusi wa pamba mara tatu au nne bila ya kukaza mno, na baada ya miezi michache mizizi itakuwa imelikumbatia gogo wakati uzi wenyewe umeoza. Feni ya Java hufungwa vivyo hivyo. Cryptocoryne za Asia nazo zinafaa, ila zina kisirani: zikihamishwa huyeyusha majani yote kwa siku chache, na asiyejua hudhani zimekufa akazing'oa, kumbe mizizi ni mizima na ingechipua upya.

Wapo wanaofunga mtungi wa hewa ya ukaa ili mimea ikue kwa kasi. Kwa diskasi naona ni ziada yenye hatari, maana hewa hiyo ikizidi usiku samaki hupatikana asubuhi wakihema juu ya maji. Majani niliyoyataja hayaihitaji, na taa ya saa nane kwa siku inayatosha. Ikiwaka zaidi ya hapo, faida huenda kwa mwani.

Ama kuhusu chombo, hodhi la urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 50 hubeba lita 300, na hicho ndicho kipimo ambacho ningemshauri mtu aanzie, kwani samaki huyu hufika sentimita 15 na zaidi. Asisahau kwamba lita 300 ni kilo 300, na ukijumlisha kioo, mchanga na magogo huenda ukakaribia kilo 400. Meza ya sebuleni haikutengenezwa kwa mzigo huo. Chini kabisa huwekwa udongo wenye rutuba, juu yake mchanga mwororo, jumla yake kimo cha sentimita 6 hivi, na wakati wa kujaza huwekwa sahani juu ya mchanga ili maji yaangukie humo, bustani isichimbuke.

Hapa ndipo wakazi wa mwambao wanapokuwa na shida yao na neema yao. Maji ya visima vya Unguja, na ya mahali pengi pa pwani yetu, yamepita katika jiwe la matumbawe, nayo ni yale magumu yanayokataa kutoa povu la sabuni. Diskasi aliyevuliwa mtoni hayawezi kabisa, na aliyezaliwa katika hodhi za wafugaji wa Asia au Ulaya, ingawa amezoea maji ya wastani, hafurahii. Neema ni mvua. Maji ya paa safi, baada ya mvua za mwanzo kuoshea vumbi na kinyesi cha ndege, ni laini sana, na yakichanganywa na ya kisima au ya bomba kwa kipimo huweza kufikisha pH baina ya 6 na 7. Kuyatumia ya mvua peke yake si busara, kwa kuwa maji yasiyo na madini hata kidogo hugeuka uchachu ghafla. Ya bomba yaachwe wazi siku nzima klorini itoke. Joto nalo, kwa mtu wa Dar es Salaam au Mombasa, nusu yake hutolewa na hali ya hewa bila malipo; wa Nairobi, hasa mwezi wa Julai, atalilipia katika bili ya umeme. Kwa wote wawili pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ni akiba ya lazima, maana umeme ukikatika usiku, chujio husimama na pumzi hupungua.

Baada ya kujaza na kupanda, hodhi hukaa wiki nne hadi sita bila diskasi ndani yake. Katika muda huo bakteria hujenga makazi ndani ya chujio: kundi moja huigeuza amonia, ambayo ni sumu, kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na kundi lingine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo mimea huila na mabaki yake hutolewa kwa kubadilisha maji. Vipimo vya matone huonyesha amonia na naitraiti zikipanda, kisha zikishuka hadi sifuri, na kabla ya sifuri hiyo hapana ruhusa ya kununua mtu yeyote mwenye mapezi.

Diskasi hununuliwa sita au zaidi kwa pamoja, kwa kuwa wakiwa wawili watatu mmoja huwatawala wenziwe hata wakanyimwa chakula. Wachaguliwe walio mviringo, wenye jicho dogo kwa kulinganisha na mwili, wanaokuja mbele ya kioo. Aliyegeuka mweusi na kusimama pembeni ni mgonjwa. Kadinali hufaa kuwa jirani zao. Mtu asivutwe na undugu akawachanganya na samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika: ni kweli diskasi ni wa ukoo mmoja na hao, na hata na sato na perege wa sahani zetu, lakini maji ya Tanganyika yana pH ya karibu 9.

Chakula chao mashuhuri hutoka buchani. Ni moyo wa ng'ombe uliotolewa mafuta yote na mishipa, ukasagwa pamoja na kamba na mchicha, ukagandishwa katika bapa nyembamba. Ni chakula kizuri na kichafuzi. Kinachobaki baada ya dakika kumi kivutwe kwa mpira, na theluthi ya maji ibadilishwe kila wiki kwa maji yenye joto lile lile.

Wakistawi, dume na jike watajitenga na kusafisha jani la upanga au upande wa gogo, na jike atapanga mayai yake hapo, mia moja au zaidi. Mayai huanguliwa baada ya siku mbili na nusu au tatu, na siku kama tatu nyingine vifaranga huanza kuogelea. Ndipo huonekana ajabu ya samaki huyu. Baadhi ya jamaa zake wa Afrika, kama sato, huwalinda watoto kinywani. Diskasi huwanyonyesha kwa ngozi: vifaranga hujibandika ubavuni mwa mzazi na kudonoa ute wake, na mzazi aliyechoka hujitikisa ghafla, wakabaki wanaelea kwa nukta moja, kisha wakamhamia mwenzake aliyesogea karibu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth walichapisha mwaka 2010 kwamba ute huo huongezeka protini na kinga za mwili tangu mayai yatagwapo, na kwamba kufika wiki ya tatu wazazi huanza kuwakwepa watoto, jambo walilolifananisha na kuachisha ziwa.

Ajabu hiyo mara nyingi huishia tumboni mwa majirani, kwa hiyo anayetaka watoto huwahamisha wazazi katika hodhi tupu la lita mia hivi, lisilo na mchanga wala jani, lenye chungu kilichofudikizwa cha kutagia. Vifaranga waachwe huko mpaka wafike sentimita saba au nane, kwa kuwa katika umri huo hulishwa mara tano au sita kwa siku na maji yao hubadilishwa karibu kila siku, shughuli ambayo mchanga na mizizi ya bustani haiistahimili.