Mbwa Atafutaye Waliopotea: Kazi Yake na Namna Afunzwavyo

Katika mashamba ya Kitale, mahindi yafikapo kimo cha kumfunika mtu mzima, na katika miwa ya Bungoma, mtoto mdogo aweza kupotea hatua chache tu kutoka nyumbani kwao. Mara hiyo yowe hupigwa, majirani hukusanyika, nao huingia shambani huku na huku wakimwita mtoto kwa jina lake. Nia yao ni njema sana. Lakini pasipo kujua, kwa miguu yao huharibu alama iliyo bora kuliko zote, ambayo jicho la mwanadamu haliioni, yaani harufu ya yule mtoto. Alama hiyo ndiyo isomwayo na mbwa aliyefunzwa.

HARUFU YA MTU NI NINI?

Kila mtu aliye hai huangusha chembe ndogo za ngozi yake, maelfu kwa maelfu, mchana na usiku. Chembe hizo hushika katika majani na udongo, mfano wa unga uvujao katika gunia lililotoboka, na harufu ya kila mtu ni yake mwenyewe. Pua ya mwanadamu ina viini vya kunusia vipatavyo milioni 6, lakini pua ya mbwa yaweza kuwa navyo milioni 200 hata 300.

Hata hivyo harufu haidumu milele. Ubaridi na umande wa alfajiri huihifadhi. Jua kali huikausha, na mvua kubwa, ambayo wenyeji wa miteremko ya Mlima Elgon waijua sana, huisafisha. Kwa sababu hiyo saa za kwanza baada ya mtu kupotea zina thamani kuu.

MBWA WA NAMNA MBILI

Mbwa wa namna ya kwanza hufungwa kamba ndefu, akanusishwa nguo ya mtu atafutwaye, kisha huifuata njia aliyopita mtu huyo bila kujali nyayo za wengine. Kikosi cha mbwa cha Polisi ya Kenya kilianzishwa mwaka 1948, na kufuata nyayo ni moja ya kazi zake. Tena mwaka 2009, katika hifadhi ya Mara, walianza kutumiwa mbwa wa aina ya bladihaundi, wenye masikio marefu na pua hodari, ili kuwafuata majangili.

Mbwa wa namna ya pili huachwa huru, wala hanusishwi nguo. Yeye hutafuta katika upepo harufu ya mtu ye yote aliyefukiwa au aliyejificha, na aipatapo husimama mahali pale akabweka. Mbwa wa namna hii walionekana Nairobi baada ya bomu la tarehe 7 Agosti, 1998, lililoua watu zaidi ya 200, wakati waokoaji kutoka Israeli na Marekani walipokuja nao kuwatafuta watu chini ya kifusi.

Watu wa magharibi wana sababu yao ya kuijua kazi hii. Tarehe 1 Machi, 2010, mlima uliporomoka huko Bududa, upande wa Uganda wa Mlima Elgon, na vijiji vikafunikwa. Mwezi wa Novemba, 2019, maporomoko mengine yaliua watu wengi katika Pokot Magharibi, kaskazini ya Kitale. Bududa watu walichimba kwa majembe na kwa mikono yao, wakitafuta ndugu zao. Tope zito huzuia harufu, wala mbwa hafanyi miujiza. Lakini mahali palipo papana hivyo, mbwa aweza kuonyesha pa kuanzia kuchimba, na jambo hilo peke yake ni msaada mkubwa.

NAMNA AFUNZWAVYO

Watu wengi hudhani kwamba mbwa wa kazi hufunzwa kwa fimbo. Sivyo. Mafunzo huanza kama mchezo. Mtu ampendaye mbwa hukimbia mbele ya macho yake na kujificha nyuma ya mti. Mbwa huachiliwa, naye amfikiapo hupewa kipande cha nyama na kusifiwa kwa sauti ya furaha. Siku nyingine mtu hujificha mbali zaidi, kisha hujificha mbwa asipoona, kisha hujificha mtu mgeni, na mwisho njia huachwa saa nyingi kabla mbwa hajaletwa. Kazi hii huchukua miezi mingi, wala haina njia ya mkato.

Mbwa aliyepigwa hujifunza jambo moja tu, nalo ni kumwogopa ampigaye. Mbwa mwenye hofu hatazami kazi yake, bali hutazama mkono wa bwana wake.

MBWA WA NYUMBANI

Somo hilo lamfaa pia mbwa alindaye boma. Samaki mkunje angali mbichi: mtoto wa mbwa azoezwe watu, watoto na mifugo tangu juma la tatu mpaka juma la kumi na mbili hivi, kwani wakati huo ndipo ajifunzapo nani ni rafiki. Mbwa afungwaye mnyororo mchana kutwa, asiyeguswa ila kwa teke, halindi vema, bali huwa hatari hata kwa watoto wa nyumba ile.

Yafaa pia kuzijua ishara zake. Mkia uliofichwa kati ya miguu ni hofu. Mbwa agezaye uso na kulamba midomo aomba aachwe. Ngurumo ya kooni ni onyo, naye apigwaye kwa kunguruma aweza siku nyingine kuuma bila kuonya. Mbwa achanjwe kila mwaka, maana kichaa cha mbwa kikisha kuonyesha dalili kwa mtu, karibu daima humwua. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile.

MTU AKIPOTEA

1. Ripoti ipelekwe kituo cha polisi mara moja, au simu ipigwe 999 au 112. Pasingojwe kupambazuka.

2. Pawekwe mlinzi mahali mtu alipoonekana mwisho, watu wasipakanyage.

3. Nguo aliyoivaa, isiyofuliwa, iokotwe kwa kijiti na kutiwa katika mfuko safi. Isipitishwe mkono kwa mkono.

4. Watu waendapo kutafuta, wachache wafuate barabara na kingo za mito kwanza, na wengine wangoje pamoja.

5. Mbwa wa kazi ajapo, mbwa wa nyumbani wafungwe, na mtu ye yote asimwite wala asimlishe.

Si kila kituo kina mbwa wa namna hii, naye aweza kuwa mbali. Lakini mahali palipolindwa, na nguo iliyohifadhiwa, humngojea. Palipokanyagwa na watu mia, hata mbwa hodari huanza kazi yake akiwa amechelewa.