Eastlands Yalipia Bahari, Mji wa Kale Wapata Chenji

Oktoba ikiingia, simu za wakazi wa Umoja, Donholm, Buruburu na Kayole, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, huanza kupokea mabango ya safari za Pwani. Mnazi, bwawa la kuogelea la rangi ya buluu, "siku nne, usiku tatu", bei kwa herufi nene, na chini kabisa nambari ya kulipia kwa M-Pesa. Anayetuma bango hilo mara nyingi hana ofisi wala gari. Mchana huenda ni mwalimu, karani wa benki au mwenye saluni. Jioni ni mwandalizi wa tripu. Mikononi mwa watu kama yeye imekua biashara ambayo mpita njia haioni, lakini kila sikukuu ndefu inajaza mabehewa ya treni na kumaliza vyumba Nyali, Bamburi na Diani.

Mtaji wake ni chama. Kina mama wa ploti moja, wauza mitumba wa Gikomba, waendesha bodaboda wa stendi moja, kwaya ya kanisa, waliosoma darasa moja Makadara: wote hawa tayari wana mweka hazina, daftari na mazoea ya kuchanga kila wiki. Kwa hiyo mwandalizi hahangaiki na mteja mmoja mmoja. Humtafuta mwenyekiti. Mwenyekiti akikubali, kundi zima limekubali, na michango ya lipa mdogo mdogo huanza miezi kabla ya safari. Hoteli ya Pwani iliyozoea kuletewa wageni na wakala wa London sasa inajadiliana bei na mama wa Donholm aliyekomaa katika hesabu za chama, na si ajabu mama akatoka na bei aliyoitaka.

Hoteli hizo hazikumchangamkia mteja huyu tangu mwanzo. Ilibidi zibanwe. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi ya Mpeketoni kule Lamu na maonyo ya usafiri kutoka nchi za Magharibi, wageni wa ng'ambo walipungua, baadhi ya hoteli zikafunga milango, na serikali ikatangaza ahueni ya kodi kwa kampuni zitakazowalipia wafanyakazi wao likizo za humu nchini. Mwaka 2020 korona ilirudia somo lile lile kwa ukali zaidi. Mara mbili ndani ya miaka sita, aliyeingia hotelini wakati ndege zimekatika ni Mkenya.

Katikati ya misukosuko hiyo ilikuja reli. Madaraka Express ilianza kubeba abiria mwaka 2017 na ikabadili hesabu za tripu kabisa. Treni ya zamani ilichukua usiku mzima, na mara nyingi zaidi ya usiku. Hii mpya inamaliza safari kwa muda wa saa tano hadi sita. Stesheni yake ya Nairobi iko Syokimau, mlangoni mwa Eastlands, kiasi kwamba mkazi wa Embakasi hufika kabla mwenzake wa Kangemi hajatoka kwenye msongamano. Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 1,000 hadi Januari 2024 ilipopandishwa hadi 1,500. Daraja la kwanza likawa 4,500. Kupanda huko hakukuua biashara. Kulichofanya ni kumsukuma mwandalizi kukata mahali pengine ili bei ya bangoni isipande, na hapo ndipo penye hadithi ya makala haya.

Alikata matembezi.

Tazama ratiba yoyote ya tripu ya Mombasa inayozunguka katika makundi ya WhatsApp ya Eastlands. Chumba kimo, kifungua kinywa kimo, usafiri wa kutoka stesheni umo, pengine hata mpiga picha yumo. Kisha unakuta mstari kama huu: "Fort Jesus (hiari, kwa gharama yako)". Kiingilio cha raia mtu mzima Fort Jesus kimekuwa shilingi 200. Nauli ya treni peke yake, kwenda na kurudi, ni mara 15 ya hiyo. Kinachoachwa nje ya bei si kitu ghali. Kinaachwa kwa sababu wateja hulinganisha mabango kwa tofauti ya shilingi mia tano, na hakuna anayeuliza kama mwongoza watalii amejumuishwa.

Jiografia nayo imechangia. Mombasa ni kisiwa, lakini mgeni wa Eastlands anaweza kukaa siku nne "Mombasa" bila kushuka garini kisiwani hata mara moja. Stesheni iko Miritini, bara. Nyali na Bamburi ziko bara, upande wa kaskazini. Kisiwa hukatwa tu kati ya Makupa na Daraja la Nyali. Anayekwenda Diani zamani alilazimika kupita mjini na kusubiri feri ya Likoni, na katika kusubiri huko walau alinunua mahamri au kipande cha muhogo. Tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguliwe, gari linatoka Miritini hadi kusini moja kwa moja. Kwa msafiri ni nafuu kubwa. Kwa muuza kahawa wa Mji wa Kale ni wateja waliopotea bila yeye kujua.

Na kisiwa hicho kina bidhaa. Fort Jesus ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ikaangukia mikononi mwa Waomani mwaka 1698, Waingereza wakaifanya gereza hadi 1958, na tangu 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Hatua chache kutoka lango lake unaingia vichochoro vya Mji wa Kale, penye milango ya nakshi, Msikiti wa Mandhry wa mwaka 1570, mahamri kwa mbaazi asubuhi, na jioni kahawa chungu kwa kashata. Marikiti unapata bizari na iliki za kurudi nazo Nairobi. Magharibi inakukuta Mama Ngina, ufuo uliokarabatiwa kwa shilingi milioni 460 na kufunguliwa Oktoba 2019, ukila mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu huku meli zikiingia Kilindini. Siku nzima ya namna hii, pamoja na mwongozaji, inaweza kumgharimu mtu pungufu ya chakula kimoja cha mchana katika hoteli ya ufuoni.

Waandalizi wana utetezi wao, na si wa kupuuzwa. Mtu aliyesimama katika kibanda cha Gikomba mwaka mzima anataka kulala, kuogelea na kupiga picha, hataki kuhutubiwa. Wengi waliona Fort Jesus katika kitabu cha darasa la nne na wanahisi wamemaliza kazi hiyo. Isitoshe, kundi likipelekwa pale saa saba mchana, jua likiwa utosini, nusu hubaki ndani ya gari, wengine hupiga picha kando ya mzinga, na mwongozaji aliyetarajia watu 30 hulipwa na watatu. Yote ni kweli. Lakini hayo ni makosa ya maandalizi, na bidhaa haina lawama. Mji wa Kale huendewa asubuhi kabla ya joto, au baada ya alasiri, na mtu hupelekwa akiwa na njaa. Anayekumbuka tarehe za Wareno ni mmoja katika kumi. Viazi vya karai na ukwaju vinakumbukwa na basi zima.

Kinachokosekana ni kufunga bidhaa na kuitia bei. Zanzibar ilielewa hili zamani. Mgeni wa Unguja huuziwa nusu siku ya mashamba ya viungo, nusu siku ya kisiwa cha Changuu na kobe wake wakubwa, asubuhi moja ya kima punju wa Jozani, jioni ya vyakula vya Forodhani. Kila kipande kina muda wake, mtu wake na bei yake, na hoteli yenyewe inapata kamisheni kwa kukuuzia. Februari ina Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza 2004, ambalo huwafanya watu wanunue tiketi kwanza kisha ndipo watafute ufuo. Wanandoa wa Eastlands wanaokwenda fungate Unguja, wakiwa na pasipoti na kadi ya homa ya manjano mkobani, hulipia matembezi hayo bila kunung'unika. Wakija Mombasa wanaambiwa hiari.

Mfano mwingine uko karibu zaidi, Shimoni na Wasini, kusini kabisa mwa Kwale. Pango la watumwa la Shimoni linasimamiwa na wenyeji wenyewe, na kiingilio chake hubaki kijijini. Ng'ambo ya mkondo, kina mama wa Wasini walijenga njia ya mbao juu ya bustani ya matumbawe makavu, na mgeni hulipa kuipita. Kila mmoja pale anajua mgeni mmoja ana thamani gani kwake. Ndiyo sababu tripu za Wasini, pamoja na boti, pomboo na kaa wa mchana, ni miongoni mwa matembezi machache ambayo waandalizi wa Nairobi huyaweka ndani ya bei tangu mwanzo: hayakuachiwa mgeni aamue akiwa amechoka.

Lamu ni hesabu tofauti. Iko zaidi ya kilomita 300 kaskazini mwa Mombasa, ndege inatua Manda, na kwa barabara unashuka Mokowe kisha unapanda boti. Nauli ya ndege huwatoa nje wengi wa wateja tunaowazungumzia, na basi ni safari ya kuchosha inayopita sehemu zenye ulinzi wa polisi. Hata hivyo, Lamu inauza kitu ambacho Bamburi haina, yaani tarehe. Mji wake wa kale, uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2001, una tamasha la utamaduni ambalo kwa kawaida huwa Novemba, mashua zikishindana na punda wakikimbizwa kwenye barabara ya ufuoni, wakati hoteli bado hazijapandisha bei za Disemba. Chama kinachochanga tangu Juni kingeweza kulenga tarehe hiyo kwa urahisi kuliko mtu mmoja mmoja.

Na hapa Eastlands ina historia ambayo waandalizi wa mabango wameisahau. Majengo ya Pumwani ni mtaa wa Waswahili tangu miaka ya 1920, wenye Msikiti wa Riyadha unaobeba jina moja na ule aliouasisi Habib Swaleh kule Lamu. Kwa miongo mingi Maulidi ya Lamu imewavuta waumini kutoka kila pembe ya Afrika Mashariki, Nairobi ikiwamo. Hiyo nayo ni safari ya kundi, ya kuchangiana nauli, ya kulala kwa wenyeji na kununua kofia zilizodariziwa pale pale. Ilikuwapo kabla ya mtu yeyote kufikiria kutuma bango la bwawa. Kwa kuwa Maulidi hufuata mwezi mwandamo, tarehe yake husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka, na anayetaka kuipangia safari sharti atazame kalenda mbili.

Kalenda, kwa kweli, ndiyo silaha ambayo biashara hii haijaishika sawasawa. Wote hugombania Pasaka, Agosti na Disemba, tiketi za treni zikimalizika mapema na vyumba vikipandishwa bei. Aprili na Mei mvua za masika hunyesha, bahari huchafuka kwa upepo wa kusi, na hoteli hushusha bei. Kuogelea kunaharibika, kutembea Mji wa Kale, kula na kusikiliza hakuharibiki kiasi hicho. Tripu ya mji na chakula ingeuzika katika miezi ambayo tripu ya ufuo haiuziki. Kuhusu Januari sina ushauri. Njaanuari haina mwandalizi.

Upande wa sheria mambo ni legelege. Sheria ya Utalii ya 2011 iliunda Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, na anayeandaa safari kwa malipo anatakiwa kuwa na leseni yake. Wengi wa waandalizi wa mitaani hawana. Si wote ni matapeli. Wengi ni wadogo tu na wanaogopa gharama. Lakini pesa ya chama ikishaingia katika simu ya mtu binafsi asiye na leseni, na safari isipofanyika, mweka hazina atabaki na stakabadhi ya M-Pesa na nambari isiyopokelewa. Kuna hatari kubwa kuliko hiyo pia. Makundi yanayokwepa nauli ya treni hukodi matatu na kusafiri usiku kupitia barabara ya Mombasa, ile ile ambako basi la Chuo Kikuu cha Kenyatta lilipata ajali karibu na Maungu Machi 2024 na wanafunzi 11 wakafariki. Bango likikaa kimya kuhusu gari na dereva, mwenyekiti aulize kabla ya kuchangisha.

Faida katika vyumba itaendelea kupungua. Picha ya bwawa inapatikana kwa kila mtu, na mteja wa Umoja siku hizi anaipigia hoteli simu mwenyewe na kupata bei ile ile aliyopewa mwandalizi. Asichoweza kukipata kwa simu ni mwongozaji anayejua mlango upi wa Mji wa Kale unafunguliwa kwa wageni, mama anayepika wali wa nazi kwa watu 20 kwa miadi, au nahodha wa Mokowe anayesubiri basi lililochelewa. Watakaodumu katika biashara hii ni wale watakaofunga mikataba na watu hao mapema. Nanyi wenye vyama, mnapopokea bango la Disemba, ombeni nambari ya leseni, jina la kampuni ya gari na ratiba isiyo na neno "hiari" mbele ya Fort Jesus. Ni shilingi 200 tu.