Moto Ubaki Nje, Joto Liingie Ndani

Baridi ya Tunduma ya mwezi wa Juni na Julai unaijua. Upepo huvuma usiku kucha. Mbozi na Ileje ni hivyo hivyo. Mtoto analia kwa baridi. Mama anachukua jiko la mkaa lililopikiwa ugali na kuliingiza chumbani. Baba anafunga dirisha na kuziba mwanya wa mlango kwa gunia. Chumba kinapata joto. Wote wanalala.

Asubuhi mlango haufunguliwi. Majirani wanagonga, hakuna anayeitika. Habari za namna hii zimesikika mara nyingi katika mikoa yetu yenye baridi.

Je, ni nini kimewaua watu hawa? Si uchawi. Wala si moshi unaouona kwa macho. Mkaa unapowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi. Haina harufu. Haiwashi macho. Ukiivuta, inaingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, yaani ile hewa safi tunayoihitaji ili tuishi. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, macho yanaona kizunguzungu, mtu anataka kutapika, miguu inalegea. Lakini aliyelala hatambui dalili hizo. Anapitiliza usingizini. Mtoto mchanga na mama mjamzito wako katika hatari zaidi.

Wengi husema, "Mkaa wangu umeshakolea, hauna moshi, kwa hiyo hauna madhara." Hapana. Makaa mekundu yasiyo na moshi yanaendelea kutoa sumu hiyo mpaka yazimike.

Kuwasha kuni ndani ya nyumba nako kuna madhara. Moshi wake huleta kikohozi na homa ya mapafu kwa watoto. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa duniani kwa sababu ya moshi wa majumbani.

Basi tufanye nini? Tulale na baridi? La. Twende tukawatazame wakulima wa tumbaku wa Chunya. Bani la kukaushia tumbaku kwa mvuke wa joto huwashwa moto kwa nje. Kuni huingizwa katika mdomo wa tanuri ulio nje ya ukuta. Joto hupita ndani ya bani kwa mabomba ya bati. Moshi hutoka nje kwa dohani. Hufanywa hivyo kwa sababu moshi ukiigusa tumbaku, unaiharibu. Ajabu ni kwamba tumbaku inakingwa na moshi, na mtoto wetu analazwa nao!

Nyumbani unaweza kufanya jambo hilo hilo kwa matofali ya kuchoma na udongo wa kichuguu. Tafuta fundi mwashi anayejua kujenga dohani. Ndani ya chumba, jenga kitu kama benchi kando ya ukuta, chenye njia ya moto katikati. Mdomo wa kutilia kuni uwe nje ya ukuta. Upande wa pili wa benchi, njia ya moto itoke tena nje na kupanda katika dohani. Njia hiyo ipande kidogo kidogo kuelekea kwenye dohani, ili moshi usirudi nyuma. Dohani ipite juu ya paa. Ndani ya chumba pasiwe na tundu hata moja. Mdomo wa nje ujengee kibanda kidogo cha bati, mvua isiingie.

Kama nyumba yako imeezekwa kwa nyasi, usijenge tanuri hili. Cheche moja inatosha kuiteketeza. Kwako wewe ni afadhali kuchemsha maji nje, uyatie katika chupa ngumu yenye kizibo kizuri, uizungushie kitambaa na kuiweka miguuni mwa blanketi.

Kabla ya kulala karibu na tanuri jipya, lijaribu mchana. Washa moto, kisha tia majani mabichi kidogo. Moshi mzito utatoka. Ingia chumbani utazame. Ukiona moshi unapenya mahali, zima moto, ziba ufa huo, ujaribu tena. Fanya hivyo kila mwaka kabla ya baridi, kwa maana udongo hupasuka kwa joto.

Kuni ziwe kavu. Zipasue na kuzipanga chini ya paa miezi sita kabla. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto kidogo, tena masizi yake huziba dohani. Matawi ya kahawa yaliyopogolewa na magunzi ya mahindi yanafaa kuanzishia moto. Washa jioni, moto mkali wa saa moja au mbili, kisha uache uishe. Matofali yatashika joto na kulitoa polepole usiku.

Hapa pana kosa moja kubwa. Mtu anaona joto linapotea juu, anaziba dohani kwa jiwe huku makaa yangali mekundu. Sumu inakosa njia, inatafuta ufa, inaingia ndani. Usiizibe dohani kamwe kabla makaa hayajazimika. Na hata ukiwa na tanuri zuri, acha uwazi kidogo dirishani.

Ukimkuta mtu amezimia katika chumba chenye makaa, vuta pumzi ukiwa nje, ingia upesi, fungua mlango na dirisha, mtoe mtu huyo. Usikae ndani kuutafuta moto. Mlegezee nguo. Kama anapumua lakini hajitambui, mlaze kwa ubavu. Usimpe maziwa, hayaondoi sumu hii. Mpeleke hospitali au kituo cha afya, hata kama ameamka na anasema amepona. Mwambie mganga wazi kwamba mlilala na moto ndani, ili ajue kwamba mgonjwa anahitaji oksijeni.